Kilio cha Ugenini

Tangu Dereva astaafu, chakula cha mchana katika nyumba ile kililiwa kwa kusikilizana vijiko. Mkewe alipakua wali, akaweka mchuzi pembeni kwa sababu alijua mumewe hapendi wali uliolowa, akasogeza maji ya kunawa, kisha wakakaa pande mbili za meza ndogo na kutafuna. Dereva alipomaliza alisema, "Asante," kama mteja anayemshukuru mwenye hoteli, akainuka kwenda kuegemea lango na kutazama magari yakipita.

Mtaa mzima ulimwita mwanamke huyo Fundi, kwa sababu ya cherehani yake iliyokaa sebuleni karibu na dirisha. Hata mumewe alimwita hivyohivyo. Miaka yote ambayo Dereva alikuwa barabarani na lori, Fundi alishona sare za shule, akalea, akangoja. Kazi ya kungoja aliijua barabara. Alijua wiki ya kwanza inavyokwenda na ya pili inavyoburuta miguu. Alichokuwa hajakijua ni kukaa na mtu.

"Leo nimetia pilipili kidogo," alimwambia mchana mmoja. "Umeisikia?"

"Ndiyo."

"Imezidi?"

"Hapana."

"Haijazidi, au hukuisikia kabisa?"

Dereva alimtazama kama mtu aliyesimamishwa na askari wa barabarani. "Chakula ni kizuri, Fundi. Nimeshasema."

Hakuwa mkali, wala mlevi. Nguo zake alifua mwenyewe, na mkono wa kupiga hakuwahi kuwa nao. Fundi angemlalamikia kwa nani, na aseme nini? Jirani yake, mwanamke wa maneno mengi, alimchungulia juu ya ua akamtania: "Shoga, siku hizi hatukuoni! Umepata mume wa kutwa nzima, unamfungia ndani peke yako!" Fundi akacheka kicheko cha kuazima, akarudi kwenye cherehani. Nyumba ilipokuwa na mtu mmoja, upweke wake ulikuwa na sababu. Sasa haukuwa na pa kuegemea.

Siku simu ilipolia, Dereva alikuwa palepale langoni. Fundi alimsikia akisema, "Lini? ... Sawa. Sawa. Nakuja." Kisha akamwona anakaa chini kwenye ngazi, simu ingali mkononi.

"Nani?"

"Utingo wangu."

"Anaumwa?"

"Amefariki."

Fundi alimkumbuka. Mwanamume mwembamba aliyekuwa akija kushusha mizigo ya Dereva, akamwamkia huku ameinamisha macho, na hata siku moja hakukubali kuingia kunywa chai. Alikaa kiti cha pili cha lile lori miaka mingi kuliko Fundi alivyokaa mezani na mumewe.

"Pole, baba," alimwambia, akamgusa bega. Bega lilikuwa gumu kama ubao.

"Nitaondoka kesho asubuhi."

"Tutaondoka."

"Ni mbali, Fundi. Utachoka bure."

"Umewahi kunipeleka mahali nikachoka?"

Dereva hakuwahi kumpeleka mahali.

Katika basi alimwachia kiti cha dirishani. Yeye mwenyewe hakujua kuwa abiria. Kila basi lilipokaribia kona, mguu wake ulikanyaga sakafu kutafuta breki, na mkono ukapapasa gia ambayo haikuwepo. Fundi alimtazama kwa pembe ya jicho mpaka akashindwa kujizuia.

"Usituangushe, baba," alimnong'oneza.

Dereva alishtuka, akautazama mguu wake, akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la kweli, la meno, na kwa muda Fundi alijiona kama msichana anayesafiri na mchumba. Akatoa mayai ya kuchemsha aliyofunga kwenye kitambaa, akamenya moja, akampa. Wakala wakitazama mashamba yakikimbia nyuma. Ndipo akaona aulize lile alilokuwa nalo kifuani tangu basi lilipoacha mji.

"Ni wapi lori liliharibika, wakati ule wa Chiriku?"

Chiriku alikuwa mtoto wao wa mwisho; wakubwa zake sasa walikuwa na nyumba zao. Walimpa jina hilo kwa jinsi alivyokuwa hanyamazi, hata chakula kikiwa mdomoni. Alikufa kwa homa akiwa hajaanza kung'oka meno ya utotoni, na baba yake alifika maziko yameshapita, akasema lori lilizima porini, na hapakuwa na simu wala gari la kumbeba.

Dereva aliacha kutafuna. Akageukia dirisha la upande wa pili.

"Tumeshapapita," alisema.

Utingo aliishi kando ya barabara kuu, mahali malori yaliposimama kupumzika. Mkewe alikuwa na hoteli ndogo ya chakula mbele ya nyumba, yenye mabenchi na paa la bati lililoning'inia. Siku hiyo mabenchi yalikuwa yamejaa waombolezaji. Dereva hajakanyaga chini vizuri, mziba pancha aliyekuwa amekaa juu ya tairi aliruka kama aliyemwagiwa maji.

"Karai! Jamani, Karai amekuja!"

"Karai! Mzee Karai!"

Wakamzunguka. Wanaume wakamkumbatia, vijana wa gereji wakamshika mikono, mama mmoja mnene akamfinya shavu mbele ya watu wote. Fundi alibaki nyuma, mkoba mkononi, akimtafuta huyo Karai ni nani. Mwanamume aliyemwona mbele yake aliwaita watu kwa majina yao ya utani, akauliza habari za watoto wao, akamtania mziba pancha kwamba bado hajanenepa, na papo hapo machozi yakawalenga wote wawili. Alikuwa na sauti kubwa. Fundi hakujua kama mumewe ana sauti kubwa.

Mjane alitoka ndani akiwa amejifunga khanga kiunoni. Akamwangukia Dereva kifuani.

"Shemeji, ameniacha. Ameniacha, Karai."

"Nipo, shemeji. Nipo." Akampapasa mgongo hadi akatulia. Kisha akauliza, "Nani anapika?" na bila kungoja jibu akakunja mikono ya shati, akaenda uani.

Fundi alikaribishwa kwenye mkeka wa wanawake. Akasalimia, akapewa pole, akatoa pole. Yule mama mnene akamgeukia kwa upole.

"Na wewe mwenzetu ni nani kwa marehemu?"

"Nimekuja na mume wangu. Dereva wake."

"Karai?" Mama akapiga kofi. "Wewe ndiye mke wa Karai? Yule anayetapika kwenye magari?"

Wanawake wote wakageuka. Mmoja akaziba mdomo kwa upande wa khanga.

"Ndivyo alivyotuambia siku zote," mama akaendelea, wala hakuwa na nia mbaya. "Kila tukimuuliza, mbona humleti shemeji tumwone, anasema maskini, hata kilometa mbili hafiki, anatapika nyongo. Tukakuonea huruma! Umewezaje leo?"

Fundi hakuwahi kutapika kwenye gari tangu azaliwe. Alihisi uso unawaka. Akarekebisha khanga yake kichwani.

"Nimepona," alisema.

Chakula kilikuja kwenye masinia. Nyuma ya masinia alikuja Dereva, jasho likimtiririka, mwiko bado mkononi, akielekeza nani apewe nini. Wanawake walimsifu kwa sauti za chini za msibani. Ndivyo alivyopata jina, mama mnene akamweleza Fundi: akifika na lori alikuwa anaingia moja kwa moja jikoni, anachukua karai, na siku hiyo madereva wengine walikuwa wanavizia wale anachokaanga yeye.

Fundi alikata tonge, akalitia mdomoni. Nyama ilikuwa laini, imekolea, na ndani yake kulikuwa na tangawizi nyingi.

Akatafuna polepole. Wiki ya kwanza ya ndoa yao, mama mkwe alimwambia kwamba mwanawe hawezi tangawizi, inamchoma moyo. Tangu siku hiyo haikuingia jikoni mwake. Yeye mwenyewe aliipenda.

Jua lilipoanza kupoa, mjane alimwita chumbani. Chumba kilikuwa na kitanda, ndoo ya maji na nguo za marehemu zilizokunjwa juu ya kiti. Wakakaa kitandani bega kwa bega.

"Dada," mjane alianza, "nilikuwa nakutamani miaka mingi nikuone. Nilikuwa nasema, nikionana na mke wa Karai nitampa pole yangu kwa mdomo wangu. Maana kilio chenu mlipofiwa na mtoto kilipita hapa."

"Kilipita hapa?"

"Siku mbili alikaa. Mume wangu alimlaza hapa, kitanda hikihiki. Hakula, hakunywa. Dada, sijaona mwanamume akilia vile. Alikuwa analia mpaka majirani wanakuja kuuliza. Tulimsihi, shemeji, twende nyumbani, mkeo yuko peke yake, hasikii. Mwishowe mume wangu akashika usukani yeye, na leseni hana, akamrudisha hivyohivyo, anaomba Mungu wasikutane na askari."

Fundi alikuwa anatazama ndoo.

"Na lori?" aliuliza.

"Lori lilikuwa limesimama hapo nje."

"Halikuharibika?"

Mjane alimgeukia. Akamshika mkono Fundi. "Jamani. Alikuambia nini?"

"Si kitu, dada," Fundi alisema. "Wewe una msiba wako."

Akainuka, akapita kati ya mabenchi mpaka uani. Dereva alikuwa amechuchumaa anasugua karai kwa majivu, na mziba pancha alikuwa anamsimulia jambo la marehemu lililowafanya wote wawili wacheke huku wanafuta macho. Alipomwona mkewe, kicheko kilimtoka usoni kama taa iliyozimwa. Hilo ndilo lililomuuma Fundi kuliko yote ya siku hiyo.

"Nataka kurudi nyumbani."

"Tulisema kesho..."

"Leo."

Basi la jioni lilikuwa nusu tupu. Safari hii mguu wa Dereva haukukanyaga breki yoyote.

"Amekuambia," alisema hatimaye.

"Ameniambia."

"Fundi..."

"Nimemwogesha peke yangu," Fundi alisema. Alisema kwa sauti ya kawaida, akitazama kiti cha mbele. "Mama yangu alitaka kunisaidia nikakataa, nikasema baba yake atafika, tutamwogesha wawili. Nikangoja, maji yakapoa, nikachemsha mengine. Watu wakawa wananiuliza, baba yuko wapi, baba yuko wapi? Nikasema lori limemharibikia, maana nilijua hakuna kingine kinachoweza kukuzuia. Ulipokuja ukasema lori, nikasema mnaona? Kaka zangu hawakukuamini. Nimekutetea kwao. Nimekutetea kwa mama yangu mpaka amekwenda kaburini."

Dereva aliweka mikono kwenye magoti.

"Ujumbe ulinikuta njiani," alisema. "Niliendesha usiku kucha. Nilipofika pale nikamwambia utingo tusimame ninywe maji tu. Nikashuka. Nilipotaka kupanda tena, mguu ukakataa. Nilikuwa naukanyagisha klachi, haukanyagi. Sikufanya kusudi."

"Na mimi mguu wangu nani aliuuliza?"

Dereva aliutazama mguu wake.

"Haya, ulilia. Mtu analia. Lakini ulikuja kwangu macho makavu, baba. Uliingia pale, ukasema shikamooni kwa wazee, ukakaa. Nikasema huyu moyo wake ni wa bati. Nimelala na neno hilo miaka yote. Kwa nini hukuja kulia kwangu?"

Basi lilisimama, likashusha mtu na kuku, likaondoka.

"Nilipoingia ulikuwa unapakulia wageni," alisema. "Ulikuwa umesimama wima, umefunga kilemba, sinia mkononi. Ukaniambia, nawa mikono, chakula kinapoa. Nikaona wewe umeshamaliza kulia. Nikaona nikianza mimi, nitakuangusha."

"Nilikuwa sijaanza," Fundi alisema.

Walifika nyumbani usiku.

Siku zilizofuata Fundi aliendelea kupika, maana mkono uliozoea hauna mahali pa kwenda, lakini aliacha kupakua. Chakula kilibaki chunguni, kila mtu akajichotea kwa saa yake. Alikula kwenye cherehani, sahani juu ya vipande vya kitambaa, na mafuta yakatia doa sare ya mtoto wa watu ikabidi aishone upya. Asubuhi moja aliamka akakuta moshi jikoni. Dereva alikuwa amekoka moto, amekatakata vitunguu, anakaanga. Akamwekea sahani mezani, akasimama pembeni kama mtumishi.

Fundi aliitazama ile sahani.

"Chakula cha Karai nimeshakila," alisema. "Nimekila msibani pamoja na watu wengine."

Akatoka na ndoo kwenda kuchota maji. Aliporudi sahani ilikuwa imefunikwa, na Dereva hakuwa langoni wala jikoni. Alimkuta nyuma ya nyumba, amekaa juu ya tofali, hafanyi chochote. Hakuwa anangoja kuonwa. Ndivyo mtu anavyokaa akiwa hana pa kwenda, na Fundi aliufahamu mkao huo, maana ndio aliokaa yeye siku nyingi mno, upande wa pili wa ukuta uleule. Huruma haikumjia. Lilimjia jambo lisilo na jina, kama pale unapokutana na mtu amevaa nguo uliyoishona mwenyewe.

Jumapili alasiri alitoka chumbani amevaa kwenda nje.

"Vaa viatu," alimwambia.

"Tunakwenda wapi?"

"Unapajua."

Lakini hakupajua. Huko makaburini hakuwahi kufika. Mwaka wa kwanza alikuwa safarini, wa pili vilevile, na baadaye haikuwepo njia ya kuomba aonyeshwe. Fundi alikwenda peke yake kila mwaka na jembe la mkono, akapalilia, akarudi, akapika. Sasa alitangulia mbele katikati ya makaburi, na mumewe akafuata hatua zake, na kila alipopunguza mwendo alimsikia nyuma naye anapunguza, asijue ni lipi.

"Ni hili."

Lilikuwa dogo. Saruji ilikuwa imepasuka upande mmoja na nyasi zimeota kwenye ufa. Dereva alisimama mbele yake, mikono ikining'inia. Alitazama urefu wake toka mwanzo mpaka mwisho, ambao haukuwa safari ndefu kwa macho.

"Alivaa nini?" aliuliza.

Fundi aligeuka. Watu walikuwa wamemuuliza mengi kuhusu kifo kile. Homa ilianza lini, alimpa dawa gani, kwa nini hakuwahi zahanati. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza hilo.

"Shati la buluu," alisema. "Lile nililomshonea la sikukuu. Lilikuwa linambana kwapani, nikafumua mshono, nikamwongezea kitambaa. Nilishona huku watu wanaimba sebuleni. Kaptula ya rangi ya udongo."

"Na viatu?"

"Hakuvaa viatu. Alikuwa hapendi. Unakumbuka alikuwa hapendi?"

"Alikuwa anavitupa dirishani kwenye lori," Dereva alisema. "Siku ile niliyomzungusha mtaani. Kimoja tulikiokota, kingine mpaka leo."

Sauti ikamkatikia hapo. Aliinama, akashika magoti, na kilio kikamtoka kibaya, cha kukwama na kukwaruza kama kikohozi cha mgonjwa. Basi hiki ndicho walichokijua watu wa kule barabarani, mziba pancha na yule mama mnene, na utingo aliyekuja nyumbani kwao miaka yote akaangalia chini. Fundi ndiyo kwanza anakisikia. Hakumshika. Alikaa kwenye ukingo wa saruji, si mbali naye, akamwacha alie, na machozi yake mwenyewe yakashuka taratibu bila sauti, bila mtu yeyote kumjia na kumwambia ajikaze.

Waliotembelea makaburi mengine walianza kuondoka. Dereva alijifuta uso kwa shati, akakaa chini kwenye nyasi, pumzi ikimrudia kwa shida.

"Nisamehe, Fundi."

"Hilo sijui," alisema. "Nitakudanganya nikisema najua."

Dereva aliitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Akajaribu kuinuka, lakini mkewe akamwonyesha kwa mkono akae palepale.

"Zile siku mbili," Fundi alisema. "Walizijua wao, sikuzijua mimi. Niambie zote, usiruke kitu. Anza pale uliposhuka kwenye lori."